Je, wajua kwa nini nyumba yalimotokea mauaji huuzwa bei ya chini?

Mwishoni mwa mwaka 2000, mume na mke walinunua nyumba mjini Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, kwa pauni 83,000. Walikuwa wamekwisha kuhamia pale televisheni iliporusha makala kuhusu mauaji ya miaka ya 1980: mtu aliyemuua binti yake wa kulea, msichana wa miaka 13, akamkatakata na kumficha. Nyumba iliyoonyeshwa kwenye makala hiyo ilikuwa yao.

Wakaenda mahakamani. Waliowauzia walikuwa wanajua. Wauzaji hao nao waliinunua bila kujua, wakaja kuambiwa baadaye, na walipotaka kuiuza walimuuliza wakili kama ni lazima waseme. Wakili akajibu si lazima. Katika fomu ya mauzo kulikuwa na swali la mwisho mwisho: je, kuna jambo jingine unalodhani mnunuzi ana haki ya kulijua? Wakaandika hapana. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba jibu lile halikuwa uongo, maana swali lilitaka kujua muuzaji anadhani nini, na hivyo ndivyo walivyodhani kweli. Wanunuzi wakashindwa kesi.

Kesi ya Wakefield inatuhusu kuliko inavyoonekana. Sheria ya mikataba ya Kenya inategemea kanuni za Kiingereza, na ile ya Tanzania ilichotwa kutoka sheria ya India ya 1872, ambayo nayo Waingereza ndio walioiandika. Zote mbili zinamtaka muuzaji asikudanganye. Hazimlazimishi akusimulie. Kunyamaza tu, bila kuulizwa, kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa ulaghai. Mnunuzi ajihadhari.

Sasa, ajihadhari na nini hasa? Ukuta uliopasuka unauona. Paa linalovuja utaligundua masika. Damu iliyofutwa miaka 15 iliyopita haivujishi maji wala haiangushi ukuta, na bado inashusha bei.

Wachumi watatu waliipima hasara hiyo huko Hong Kong. Kule watu wanaishi kwenye maghorofa marefu, na nyumba aliyojiua au kuuawa mtu inaitwa nyumba ya nuksi. Mawakala hutunza orodha zake, na benki zingine husita kuikopeshea. Waliangalia mauzo ya tangu 2000 hadi 2015 wakakuta nyumba yenye tukio inashuka bei kwa wastani wa asilimia 20. Hilo lingetabirika. Lililonishangaza mimi ni lile la majirani: nyumba za sakafu ile ile zilishuka asilimia 10, za jengo lile lile asilimia 7, na mtaa mzima wa majengo ukapoteza asilimia 1. Fikiria mtu wa chumba cha pili. Kwake hajafa mtu, hakuna hata tone lililofika mlangoni, lakini sehemu ya kumi ya thamani ya nyumba yake imeondoka na maiti ya jirani.

Kama kinachoshusha bei kingekuwa mzimu, basi ni mzimu unaojua kuhesabu sakafu.

Wanasaikolojia wana maelezo yao. Paul Rozin na Carol Nemeroff wa Marekani waliwauliza watu kama wangevaa sweta lililowahi kuvaliwa na Hitler. Wengi walikataa, hata walipoambiwa limefuliwa vizuri. Watu wale wale wasomi, wasioamini uchawi, hawakuweza kueleza uchafu uliobaki kwenye sufu ni uchafu gani. Akili ya binadamu huchukulia uovu kama harufu ya moshi: umegusa kitu, umebaki. Na upande wa pili ni hivyo hivyo, ndiyo maana kuna watu wanaotunza kanzu ya shehe au kikombe alichonywea rais.

Angalia pia tunavyobagua vifo. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, zenye dari za boriti, zimetoa majeneza kwa vizazi na vizazi, kwa sababu zamani watu walifia nyumbani. Hakuna anayeomba kupunguziwa bei kwa sababu bibi fulani alikata roho chumba cha juu akisomewa Yasini. Wajapani wameuandika ubaguzi huo rasmi. Mwongozo uliotolewa na wizara yao ya ardhi Oktoba 2021 unasema kifo cha uzee au cha kuanguka kwenye ngazi si lazima mteja aambiwe. Mauaji, kujiua, au mtu aliyefia ndani peke yake akakaa hadi nyumba ikahitaji usafi maalumu, hayo lazima yasemwe. Kwa nyumba ya kupanga wajibu huo hudumu kama miaka mitatu. Kwa nyumba ya kuuza haukuwekewa kikomo.

Marekani kila jimbo lina lake. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya California ilimsikiliza mwanamke aliyenunua nyumba kwa dola 76,000, kisha jirani akamwambia kwamba miaka kumi nyuma mama na watoto wanne waliuawa humo. Mahakama ikasema ana haki ya kushitaki. Baadaye jimbo likatunga sheria: kifo kilichotokea ndani ya miaka mitatu kitajwe, kilichozidi hapo si lazima, lakini mnunuzi akiuliza moja kwa moja, kudanganya ni kosa. Pennsylvania wakaenda kinyume. Huko mjane mmoja alilipa dola 610,000 mwaka 2007 kwa nyumba ambayo mwaka uliotangulia mume alimuua mkewe na kujiua. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba hilo si kasoro ya nyumba. Majaji walijiuliza: tukianza kuhesabu mauaji, tutaishia wapi? Kubakwa? Ukatili kwa mtoto? Nani atapanga ni uovu upi unashusha bei na upi haushushi?

Siwezi kuacha kesi ya Nyack, New York, ingawa haina mauaji. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimulia kwenye magazeti kwa miaka mingi kwamba nyumba yake ina mizuka. Akaja mnunuzi wa mjini, asiyesoma magazeti ya huko, akakubali kulipa dola 650,000 na kutoa amana ya 32,500. Aliposikia habari za mizuka akataka kujitoa. Mwaka 1991 mahakama ikasema muuzaji aliyekwisha kuutangazia umma kwamba nyumba ina mizuka hawezi kugeuka akakana, kwa hiyo kisheria nyumba ile ina mizuka. Mnunuzi akaruhusiwa kuvunja mkataba. Hakuna jaji aliyekwenda kuangalia kama mizuka ipo, wala haikuhitajika. Maneno ya watu yalitosha.

Maneno ndiyo mkaazi halisi wa nyumba ya namna hii. Pale Amityville, New York, kijana aliwaua wazazi wake na ndugu zake wanne Novemba 1974. Familia iliyonunua mwaka uliofuata, kwa dola 80,000, ilikimbia baada ya siku 28 ikidai kuna majinamizi, na madai hayo yakazaa kitabu na filamu. Wakili wa muuaji alikuja kukiri kwamba kisa hicho walikitunga pamoja na familia hiyo huku wakishushia chupa za mvinyo. Walionunua baada yao, 1977, kwa dola 55,000, waliishi humo karibu miaka kumi. Walisema hakuna ajabu iliyowatokea ila moja: watu wasiowajua waliosimama nje usiku na mchana wakipiga picha. Namba ya nyumba ikabadilishwa kutoka 112 kuwa 108, madirisha yaliyojulikana kwenye picha yakang'olewa. Mwaka 2017 iliuzwa dola 605,000.

Kubadilisha namba ni dawa ya kule kwenye anwani. Kwetu mtaani mwendesha bodaboda hajui namba. Anajua "kwa Mzee Kipara", "pale penye mwembe", na, Mungu apishe mbali, "ile nyumba aliyochinjwa yule mama". Ukishanunua wewe ndiye utakayeelekeza wageni hivyo, kwa sababu ukisema vingine watapotea. Watoto wako wataisikia shuleni ikiwa na nyongeza. Waingereza walipotaka kuua neno kabisa, kama ile nyumba ya Cromwell Street mjini Gloucester, ya mume na mke waliowaua wasichana wengi, waliibomoa mwaka 1996, matofali wakayasaga na mbao wakazichoma, ili mtu asipate hata kipande cha kumbukumbu. Sasa ni kichochoro cha kupitia watu. Wakikuyu wa kale nao, mtu akifia ndani ya nyumba, waliiacha au kuiteketeza. Ila nyumba ya miti na nyasi unaijenga upya haraka, ya tofali na mkopo wa benki ni habari nyingine.

Lakini Afrika Mashariki kuna jambo linaloniogopesha zaidi ya maneno, nalo ni jina lililo kwenye hati. Mauaji ya nyumbani mara nyingi huwa ya wenyewe kwa wenyewe: mume na mke, ndugu waliogombea urithi. Kwa hiyo nyumba ikishapata marehemu na mtuhumiwa kwa wakati mmoja, jiulize anayekuuzia ni nani. Kenya, kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kinamnyima muuaji fungu lolote katika mali ya aliyemuua. Mirathi ya Kiislamu inasema vivyo hivyo, muuaji harithi. Mjane aliyeko rumande kwa kesi ya kumuua mumewe si mtu wa kukusainia kabla kesi haijaisha. Shemeji anayekuambia "nyumba hii ni ya kaka yangu, marehemu" hana cha kuuza mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi, na Kenya hata msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi kabla uteuzi wake haujathibitishwa. Mwenye nyumba akiwa hai, mkewe au mumewe naye lazima aridhie kuuzwa kwa nyumba ya ndoa, Tanzania tangu Sheria ya Ndoa ya 1971 na Kenya kwa sheria ya 2013.

Dalali atakuambia bei imeshuka kwa sababu familia inataka kuisahau ile nyumba. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mmoja anataka kuiuza kabla wenzake hawajatoka msibani. Kukagua hati kwa msajili wa ardhi kutakuonyesha mmiliki, deni la benki na zuio kama lipo. Hakutakuonyesha aliyekufa. Hiyo kazi ni ya miguu: mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, na mama anayeuza vitumbua kona ile tangu nyumba ilipokuwa msingi. Nenda kwake bila dalali. Kisha mtake muuzaji ajibu kwa maandishi swali lenye ncha: je, kuna mtu aliyeuawa au kujiua ndani ya nyumba hii? Usiulize anadhani una haki ya kujua nini. Wakefield walishaliuliza hilo.

Je, ningenunua mimi? Kama mirathi imenyooka na nakusudia kukaa humo miaka 20, ningenunua, na punguzo ningelidai bila haya. Ningemwita shehe asome dua, nifukize ubani chumba hadi chumba. Mwingine atamwita padri na maji ya baraka. Kama nataka kupangisha au kuuza baada ya miaka miwili, hapana, kwa sababu punguzo nililopewa nitalitoa tena kwa mnunuzi wangu, na mpangaji atahama siku atakayoonana na mama wa vitumbua.

Na kama mwenzi wangu halali usingizi humo, hesabu zote zimekwisha. Imepokewa na Imam Malik na Abu Dawud kwamba watu walimlalamikia Mtume kuhusu nyumba waliyoingia wakiwa wengi na wenye mali, wakapungua na mali ikapotea. Hakuwahutubia kuhusu ushirikina, ingawa kuamini nuksi alikukataza. Aliwaambia waihame. Baadhi ya wanazuoni wameeleza kwamba ilikuwa ni kuzituliza nyoyo zao.

Wale wa Wakefield nao hawakuweza kuendelea kukaa pale. Waliiuza nyumba kwa pauni 75,000, wakati bila ile habari ingefika 100,000. Walipata bei hiyo kwa sababu walimwambia mnunuzi kila kitu.