Si Wangeuza Hizo Picha Wakanunua Mchele?

Swali hili limenirudia tena wiki hii, safari hii kwa mdomo wa binamu yangu. Kabla yake nimeulizwa na mwalimu wa sekondari, na mjumbe wa kamati ya msikiti, na kijana anayesomea uchumi, na bibi mmoja aliyekuja kujitolea ukumbini kwetu akaniuliza hata koti hajavua. Mpishi maarufu wa Italia, Massimo Bottura, anafungua kumbi za kulisha watu wasio na makao, anazijaza kazi za wasanii wakubwa, na wenye busara zao wanatikisa vichwa: picha hizo zikiuzwa, si zingelisha maelfu?

Mimi ni mpishi wa jiko la chakula cha ziada hapa London. Jiko letu si lake, na wala hatuna jina. Ila kreti zinazotufikia ni za aina ileile, na hesabu ya binamu yangu imekosewa tangu mstari wa kwanza.

Kwa wasiomjua: Bottura ana mkahawa mjini Modena, Osteria Francescana, wenye nyota 3, daraja la juu kabisa la kitabu cha mikahawa cha Michelin, ambao mwaka 2016 na tena 2018 ulishika nafasi ya kwanza kwenye ile orodha ya mikahawa 50 bora duniani. Mkewe, Lara Gilmore, ni Mmarekani, na mapenzi ya Bottura kwa sanaa ya kisasa kwa sehemu kubwa yametoka kwake. Mwaka 2015 Milan iliandaa maonyesho ya dunia, Expo, na mada ilikuwa kuilisha dunia. Bottura na Caritas ya Milan, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, wakauchukua ukumbi wa tamthilia wa miaka ya 1930 uliokuwa umetelekezwa mtaa wa Greco, pembezoni mwa jiji, wakaugeuza kuwa Refettorio Ambrosiano, yaani ukumbi wa kulia chakula. Wapishi zaidi ya 60, wakiwemo Ferran Adrià na Alain Ducasse, wakapokezana sufuria kupika kilichobaki Expo, takriban tani 15. Mwaka uliofuata yeye na Lara wakaanzisha shirika la Food for Soul. Kumbi nyingine zikafunguliwa Rio de Janeiro 2016, London 2017, Paris 2018, na kwingineko baadaye. Historia imetosha.

Sasa hesabu. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu asilimia 19 ya kile kilichokuwa tayari kwa mlaji: majumbani, mikahawani na madukani. Jiko kama langu halinunui mchele. Mchele upo, mwingine naukataa kwa sababu sina pa kuuweka. Kinachonipungukia ni gari lenye ubaridi, dereva anayejua kila duka linafunga saa ngapi, rafu za ziada kwenye chumba baridi, na mtu wa kuosha masufuria saa tatu usiku wakati wanaojitolea wameshapanda basi. Ukiniletea pesa ukasema ninunue mchele, umenionyesha kwamba hujawahi kufika mlango wa nyuma.

Ungefika, ungeona hivi. Asubuhi gari linashusha ndizi zenye madoa, vikombe vya mtindi ambavyo tarehe yake inakwisha leo usiku, mikate ya jana, mabilinganya mawili yasiyojua yametoka wapi, na kotmiri nyingi kiasi ambacho hakuna ukoo wa kuimaliza. Nachomeka kipimajoto kati ya pakiti za maziwa. Yakizidi nyuzi 8 siyapokei, nao wanaoleta wanalijua hilo ingawa kila wiki wananijaribu. Mtindi lazima utumike leo. Ndizi zinaweza kungoja hadi kesho. Mkate ndio mali, maana mkate mkavu hauna haraka. Kabla ya saa nne nimeshaamua watu watakula nini, na nimeamua kwa kuangalia kreti, si kitabu cha mapishi.

Na kabla hujauliza: si makombo. Hakuna kinachotoka kwenye sahani ya mtu. Ni bidhaa ambazo hazikuuzwa. Tuendelee.

Kwao Bottura, Emilia, kuna chakula kiitwacho passatelli. Unasaga mkate mkavu, unachanganya na jibini ya Parmigiano, mayai na kungumanga kidogo, unakanda, unaliacha donge lipumzike. Kisha unalisukuma kwenye chombo chenye matundu, linateremka vipande vinene moja kwa moja kwenye supu inayochemka. Vikielea, viko tayari. Ni chakula cha akina nyanya, kimekuwepo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutunga neno la kupambana na upotevu wa chakula. Hata jikoni kwangu kinapikika, ila Parmigiano nikipata ni sikukuu.

Nimeitaja Parmigiano kwa makusudi. Mei 2012 tetemeko liliipiga Emilia, na magurudumu zaidi ya 300,000 ya jibini hiyo, maana huumbwa duara kubwa kama gurudumu, yakaanguka ghalani na kuharibika. Bottura akatunga risoto: pishi la Roma la jibini na pilipili manga, ila kwa wali, na Parmigiano badala ya pecorino, jibini ya maziwa ya kondoo. Akawaalika watu dunia nzima waipike. Watu wakainunua ile jibini iliyopasuka. Jina la mpishi ndilo lililobeba mzigo, na huo ni mtaji kama mtaji mwingine, ila hauwekwi benki. Anayeuliza kwa nini mhisani hatoi tu pesa hajaelewa kwamba pesa si kitu chenye thamani kuliko vyote mfukoni mwa mtu wa namna hii.

Haya, picha. Kwanza, nyingi si picha. Kule Greco, lango limetengenezwa na mchongaji Mimmo Paladino. Ukuta wa nje una taa za neoni za Maurizio Nannucci zinazotangaza kwamba hakuna tena visingizio. Meza za mbao zimebuniwa na wabunifu wenye majina. Rio kuna msanii Vik Muniz na toleo lake la Karamu ya Mwisho, pamoja na samani za wabunifu ndugu Campana. Paris, kwenye vyumba vya chini ya kanisa la Madeleine, yumo msanii Mfaransa ajiitaye JR. Wasanii hawa walichangia.

Binamu yangu anadhani kuna mfuko mmoja, kwamba mtu alikaa mezani na rundo la noti, akahesabu nusu ya mchele na nusu ya neoni. Mfuko huo haupo. Msanii aliyetoa lango hakuwa anatoa fedha taslimu zilizogeuzwa lango. Alitoa kazi ya mikono yake kwa sababu aliombwa kazi hiyo, kwa ajili ya mahali hapo. Mwombe mchango wa pesa, atakupa kidogo kama wanavyotoa watu wote. Na ukiling'oa lango ukaliuza? Utauza mara moja, kwa mnunuzi mmoja, na msanii wa pili hatapokea simu yako.

Mnaopenda kuuza, nina mtu wenu: msanii Theaster Gates wa Chicago. Jiji lilimuuzia jengo la benki lililokuwa likibomoka kwa dola 1. Akachukua marumaru kutoka ndani yake, akayachonga yakawa kama hati za dhamana, akaziuza kwenye maonyesho ya sanaa ya Basel mwaka 2013 kwa dola 5,000 kila moja ili kulikarabati. Mwaka 2015 jengo likafunguliwa kama nyumba ya sanaa na kumbukumbu. Gates huyohuyo amewahi kuandaa karamu za vyakula vya Wamarekani weusi kama sehemu ya kazi yake. Hiyo ndiyo biashara ya kuuza sanaa kwa ajili ya jamii, na angalia: aliuza kazi mpya kwa wenye pesa. Hakuvua ukuta wa maskini.

Halafu kuna kundi la pili, hawa wananichosha kuliko binamu yangu. Wanakubali sanaa iwepo, lakini kama pambo. Wanakuja na ndoo za rangi wachore ukutani watoto wanaocheka, mikono ya rangi mbalimbali imeshikana, jua. Nimewahi kupokea mfadhili, jina lake nitamwachia, aliyetaka ukuta uonyeshe watu wenye njaa wakipokea bakuli. Yaani mtu aje amechoka, aketi, anywe supu yake huku anajitazama akiomba! Nilimuuliza kama sebuleni kwake amechora bili zake za umeme.

Kazi ya kweli haimwambii mgeni kwamba yeye ni mhitaji. Ipo pale kwa sababu zake, ngumu kidogo, pengine haipendezi, na inamwachia mtu afikirie anavyotaka. Kwenye makumbusho ndivyo anavyotendewa kila mwenye tiketi. Ukumbi wa ufadhili kwa kawaida hufanya kinyume: kila kitu, kuanzia bango la mlangoni hadi rangi ya trei, kinamkumbusha mtu kwa nini yuko hapo. Kumbi nyingi za namna hii zina foleni, trei, mwanga mweupe wa hospitali na mwangwi unaofanya kijiko kikianguka watu wote wageuke. Food for Soul walitaka watu wakae na kuhudumiwa mezani. London walimpa kazi Ilse Crawford, mbunifu wa vyumba, na akili yake yote iko kwenye mambo ambayo hayaonekani kwenye picha za simu: taa ishuke kiasi gani, kiti kiwe na uzito gani, sauti iende wapi.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji mbunifu kutufundisha hili. Nani kwetu anamwalika mtu karamuni akampa wali wake mlangoni ndani ya mfuko? Anaingizwa, ananawishwa, anaketishwa mkekani, sinia linawekwa katikati. Binamu yangu huyohuyo ungempa sahani mlangoni kwenye arusi, asingekusemesha mwaka mzima. Lakini kwa mtu asiye na makao wa Milan, sahani mlangoni anaona inatosha, na kingine chote ni anasa.

Nichomekee jambo moja haraka, maana wasomi huniletea. Ndiyo, namjua msanii Rirkrit Tiravanija aliyepika mchuzi wa Kithai na wali ndani ya galari, yaani ukumbi wa kuonyeshea sanaa, New York mwaka 1992 akaugawa bure. Ni kazi nzuri. Waliokula walikuwa watu wa galari. Tusichanganye.

Sasa yale ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi. Sijui kama sanaa inafanya kazi. Sina njia ya kupima. Ninachopima ni sahani, kilo na nyuzi joto, na hakuna kipimo kati ya hivyo kinachonieleza neoni imemfanyia nini mtu. Wageni wetu wakisifu ukumbi, husifu soketi za kuchajia simu na choo kisafi. Kuna bwana anayekaa kila mara chini ya picha moja kubwa tuliyopewa. Nilidhani anaipenda, kumbe hapo ndipo bomba la kupasha joto linapopita. Yupo pia mama mmoja aliyeniuliza siku moja kwa nini mchoraji hakumalizia kona ya chini. Tulibishana hadi supu ikapoa. Mmoja kati ya wangapi, sijui, na sitajifanya kwamba huyo mmoja ni ushahidi.

Sijui pia sanaa ile ni ya nani hasa. Ya wageni, au ya wafadhili wanaokuja kupiga picha na kuondoka? Nikisema ukweli, nashuku ni ya wote wawili, na wafadhili wakati mwingine wanapata sehemu kubwa zaidi. Mpishi wa nyota anapika jioni moja, magazeti yanakuja. Jumanne ya Februari yenye mvua anapika mtu kama mimi. Kwa haki ya kule Greco, Expo ilipofungwa Oktoba 2015 jiko halikufungwa, Caritas waliendelea. Wengi tunaowafahamu kwenye kazi hii hawakufika mwaka wa pili.

Na lipo la ndani zaidi. Mwaka 2016 Ufaransa na Italia zote zilipitisha sheria kuhusu chakula cha ziada: Ufaransa ikawazuia wenye maduka makubwa kuharibu chakula kinacholika, Italia ikarahisisha kukitoa. Vizuri. Lakini jiko langu linaishi kwa kosa la mtu mwingine kuagiza mkate kupita kiasi. Maduka yakijifunza kuagiza sawasawa, na inabidi wajifunze, mimi nitapika nini? Na kwa sasa, kila kreti ninayoipokea inamfanya meneja fulani alale usingizi mzuri. Hili sina jibu lake, na wenzangu wenye majibu huwa wanauza kitu.

Binamu yangu akanibana mwisho: haya, ukipewa leo uchague, chumba baridi cha pili au mchongo wa msanii? Chumba baridi, nikamjibu, wala sikufikiri. Akacheka akidhani amenishinda. Ila katika kazi hii hakuna aliyewahi kuniwekea vitu hivyo viwili mezani pamoja. Msanii alikuja na kazi yake begani akaomba ngazi. Mwenye pesa za chumba baridi alikuja baada ya mwezi, kwenye ziara ya mwenzake aliyetaka kuiona ile kazi, akauliza kwa nini mtindi uko kwenye ndoo za barafu.