Nakala tatu za picha moja hazileti HDR

Wengi hudhani ukichukua picha moja, ukaitolea nakala angavu na nyingine ya giza, kisha ukaziunganisha kwa programu, umepata HDR, yaani picha inayoonyesha vizuri sehemu angavu na za giza kwa pamoja. Hujapata kitu. Dirisha lililoungua kwa mwanga mwingi likawa jeupe pe halina tena wingu la kurudisha. Ukilipunguzia mwanga linageuka kijivu tu. Kivuli nacho, ukikipandisha, kinakuja na chengachenga zake zote.

Faida inaanzia kwenye kamera. Piga mara tatu, tuseme kwa 1/30, 1/125 na 1/500 ya sekunde, bila kugusa tundu la lenzi. Ile ya 1/30 imekusanya mwanga takriban mara 16 ya ile ya 1/500, ndiyo maana vivuli vyake ni safi. Faili la RAW (data ghafi ya kamera) huvumilia marekebisho kuliko JPEG (picha iliyokwisha kubanwa), kweli, ila kilichoungua kabisa halikirudishi.