Je, wajua kwa nini AC ikiota barafu chumba ndiyo kwanza kinazidi joto?

Usiku mmoja wa Januari, Dar es Salaam ikiwa kwenye lile joto la kaskazi ambalo hata shuka linageuka mzigo, nilifunua kava ya AC ya chumbani nikakuta barafu. Nyeupe, nene, kama ya friza ambayo haijazimwa tangu Idi. Nilifurahi. Nikajisemea mashine ni nzima, inatoa baridi mpaka inaganda, basi tatizo litakuwa dirisha. Rimoti nikaishusha hadi 16, nikarudi kulala. Saa tisa usiku nimeamka nimelowa jasho. Feni ya ndani inanguruma kwa bidii, lakini upepo unaotoka hautikisi hata utando wa buibui.

Asubuhi kilichonipa mawazo ni ndoo. Bomba la maji la AC ile linamwaga nje, nasi tumeliwekea ndoo ya lita kumi. Kila asubuhi huikuta imefika nusu au kupita, na maji yake tunadekia. Siku hiyo ndoo ilikuwa kavu.

Jibu fupi la swali letu ni hili: barafu inaonyesha kwamba kipande kidogo cha koili, yaani lile bomba lililokunjwakunjwa ndani ya AC linalopoza hewa, kimepata baridi kupita kiasi, huku mashine nzima ikiondoa joto kidogo kuliko inavyopaswa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, nami nilivichanganya. Kipande cha barafu ya ukwaju kina baridi kuliko ndoo ya maji ya bomba, lakini hakuna anayeoga kwa barafu ya ukwaju.

Ila kabla ya koili, lazima nilitaje kosa langu kubwa zaidi, maana lilinigharimu miaka mitatu.

Fundi alikuja, akagusa mabomba mawili ya nje, akatoa hukumu: "Bosi, gesi imeisha." Akajaza, chumba kikapoa, nikalipa. Desemba iliyofuata gesi "ikaisha" tena. Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Nilishaiweka kwenye bajeti ya mwisho wa mwaka, jirani na ada za shule, na sikuona ajabu yoyote. Gesi si huisha? Ya jikoni inaisha, na ya AC nayo huja kwenye mtungi.

Nadhani neno lenyewe ndilo linalotuponza. Gesi ya kupikia inaungua. Ukiwasha jiko, inatoka kwenye mtungi, inakuwa moto, harufu na moshi kidogo, ndiyo basi tena. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi ikiwa kazini. Imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba na inazunguka humo humo: ndani, nje, ndani, nje. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hubeba takriban nusu kilo hadi kilo moja ya gesi, na kilo ile ile iliyowekwa siku ya kwanza ndiyo inayopaswa kuwemo siku mashine inapokwenda kwa wauza vyuma chakavu. Kazi yake ni kama ya upo, kile chombo cha kuchotea maji kwenye mashua inayovuja. Unachota ndani, unamwaga nje, unarudi kuchota. Upo hauishi kwa sababu umechota sana. Ukiuona umepungua, ujue umetoboka.

Asiyeamini aitazame friji. Inapoza kwa njia ile ile, na zipo friji za miaka 20 ambazo hazijawahi kuongezwa hata gramu moja. Tofauti ni kwamba mabomba ya friji yameunganishwa kiwandani kwa kuchomelewa, ilhali ya AC ya ukutani yanaungwa nyumbani kwako kwa nati, na mtu aliyesimama juu ya ngazi, pengine jioni, pengine akiwa na kazi nyingine inayomsubiri Mbagala.

Kwa hiyo "gesi imeisha" maana yake ni "gesi imevuja". Kuna hali moja tu ya haki ya kuipinga sentensi hiyo: kiwanda hujaza gesi ya kutosha urefu fulani wa bomba, mara nyingi mita chache tu. Fundi akipeleka boksi la nje mbali zaidi bila kuongeza, gesi inakuwa pungufu tangu siku ya kufunga bila kuvuja popote. Lakini mashine ya namna hiyo huwa dhaifu tangu mwanzo. Iliyopoza vizuri mwaka mzima kisha ikachoka haiwezi kujitetea hivyo.

Na wale wanaouza "kuongeza gesi kidogo" kama sehemu ya sevisi ya kila mwaka? Mashine isiyovuja haihitaji. Tena kila geji, yaani kipimo cha presha cha fundi, inapofungwa na kufunguliwa, gesi kiasi inapotea kwenye mipira yake. Unalipa ili ipunguzwe kidogo halafu iongezwe kidogo.

Sasa turudi kwenye barafu. Ajabu yenyewe iko hapa: gesi ikipungua, koili inakuwa baridi zaidi. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani fundi kateleza ulimi.

Siri iko kwenye kuchemka. Tumezoea kwamba kuchemka ni jambo la moto, lakini kimiminika huchemka kulingana na presha iliyokikalia. Juu ya Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, hewa ni nyepesi na maji yanachemka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ndiyo maana wapagazi hawahangaiki na maharage huko juu: sufuria inatokota kwa mbwembwe lakini maji hayana moto wa kuivisha. Punguza presha, kiwango cha kuchemka kinashuka.

Gesi ya AC iko hivyo, ila yenyewe inaanzia kwenye baridi. R-22, iliyokuwa kwenye mashine yangu ya zamani, ukiiacha wazi kwenye hewa ya kawaida inachemka nyuzi 41 chini ya sifuri. Propani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mtungi wa kupikia, ni nyuzi 42 chini ya sifuri, yaani karibu sawa. Na hapa mama lishe ana ushahidi. Mtungi wake mdogo unapolisha jiko kubwa kwa muda mrefu, sehemu ya chini unatoka jasho la baridi. Gesi iliyomo ndani, ambayo imebanwa ikawa kimiminika, inachemka haraka ili ipande kwenye jiko, na kila kinachochemka hunyang'anya joto kwa jirani yake. Jirani ni chuma cha mtungi. Koili ya ndani ya AC ni mtungi ule ule, umenyooshwa ukawa bomba jembamba refu, na anayenyang'anywa joto ni hewa ya chumba chako.

Fundi anapofunga geji anaangalia presha hiyo. Kwa R-22, psi 68 hivi (psi ni kipimo cha presha) ina maana gesi inachemka kwenye nyuzi 4 na ushee juu ya sifuri. Koili inakuwa baridi, unyevu wa hewa unatua juu yake kama umande, unadondoka, unaenda kwenye ndoo. Kila kitu sawa. Sasa gesi ikivuja robo yake, kompresa, yaani pampu inayoizungusha gesi, haijui. Inaendelea kunyonya kwa nguvu zile zile, kama mtoto mwenye mrija kwenye boksi la juisi: juisi ikipungua naye haachi, boksi ndilo linalojikunja. Presha inashuka, tuseme psi 50. Hapo R-22 inachemka nyuzi 3 chini ya sifuri. Ule umande haudondoki tena, unaganda pale pale ulipotua.

Baridi imeongezeka, lakini wachemkaji wamepungua. Gesi iliyo kimiminika ni chache, inachemka yote kwenye mizunguko ya kwanza ya koili na kwisha. Sehemu iliyobaki inapitisha mvuke mtupu, ambao haunyonyi joto la maana. Kwa hiyo kona moja ya koili ni barafu na kwingine kote ni bomba la kawaida lenye feni nyuma yake.

Kisha barafu inaanza kujilisha yenyewe. Mapezi ya aluminiamu kwenye koili, vile vibati vyembamba, yamebanana kama kurasa za msahafu, nafasi kati ya moja na lingine haifiki milimita mbili. Umande ukiganda humo, njia ya hewa inaziba. Hewa ikipungua, joto linaloifikia koili linapungua, koili inazidi baridi, barafu inatambaa hadi kona ambazo zilikuwa salama. Nami nilipoishusha rimoti hadi 16 niliichochea tu, maana niliihakikishia kompresa kwamba isipumzike hata dakika moja. Ndoo ilikuwa kavu kwa sababu maji yake yote yalikuwa juu ukutani, yameganda.

Hapa sasa inabidi niweke breki, kwa sababu msomaji anaweza kufunga ukurasa akiamini kila barafu ni gesi. Sivyo. Filta iliyojaa vumbi inaleta barafu ile ile kwa njia fupi zaidi: hewa haipiti, koili inakosa joto la kunyonya, inaganda, hata kama gesi imo yote. Feni ya ndani iliyochoka au iliyovaa koti la uchafu inafanya vivyo hivyo. Mafundi hutofautisha kwa kutazama mabomba mawili ya nje. Barafu nyembamba nyeupe ikianzia kwenye bomba jembamba, wanashuku gesi. Barafu ikiifunika koili nzima sawasawa na kurudi kwenye bomba nene, wanashuku hewa. Ni dalili nzuri saa ya kwanza. Ikishapita usiku mzima barafu huwa imefika kote, na kusoma kilichoanza ni kubahatisha.

Kwa hiyo anza na kisicho na gharama. Zima upande wa baridi, acha feni peke yake mpaka barafu iyeyuke, saa mbili au tatu. Weka taulo chini, maana inamwaga. Usikwangue. Mimi nilikwangua kwa kijiko na nikapinda mapezi kadhaa. Ningepata kisu pengine ningetoboa bomba na kumaliza ubishi wa gesi palepale. Osha filta, ikauke, irudishe. Toka nje utazame kama boksi la nje linapumua: feni inazunguka, hakuna nguo iliyoanikwa juu yake, koili haijafunikwa na vumbi la barabarani. Kisha washa. Baada ya robo saa pima hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni afya njema, ingawa ukanda wa pwani wenye unyevu mwingi inaweza kuwa pungufu kidogo bila ubaya.

Kama kompresa inavuma tu bila kuwaka, huo ni ugonjwa mwingine, mara nyingi kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme na kinachoweza kukupiga shoti hata umeme ukiwa umezimwa. Mwachie fundi.

Fundi akifika na kusema gesi imeisha, swali ni moja: imetokea wapi? Wa nne kuja kwangu, mzee mmoja mpole mwenye mkoba wa turubai, hakungoja niulize. Alichanganya sabuni ya unga na maji kwenye kikombe, akapaka povu kwenye nati za boksi la nje kwa brashi ya rangi, akakaa chini akasubiri. Kwenye nati ya bomba nene likatokea puto dogo, likakua polepole kama la mtoto anayecheza na mate, likapasuka. Likaja lingine. Miaka mitatu ya bajeti yangu ilikuwa inatokea pale.

Alikata ncha ya bomba, akaitanua upya, akafunga, akavuta hewa yote kwa pampu, kisha akajaza gesi kwa mzani. Mzani ni muhimu, kwa sababu kuzidisha nako kunaua kompresa. Aliangalia pia mtungi wake na kibandiko cha mashine kama vinasema namba moja. R-22, R-410A na R-32 hazichanganywi, na hii R-32 ya mashine mpya inaweza kushika moto. Kuziacha zipepee nako si jambo dogo. R-22 inakula tabaka la ozoni, ndiyo maana inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A hailigusi ozoni, ila kilo yake moja inapasha dunia joto kama kilo 2,000 na zaidi za kaboni dioksaidi, na makubaliano ya kuzipunguza gesi za aina hiyo yalifikiwa Kigali mwaka 2016.

Asubuhi iliyofuata ndoo ilikuwa na lita sita hivi. Nikapiga hesabu, maana kila lita ya umande inakula nguvu za AC ya BTU 12,000 kwa dakika 11 na kidogo. Zaidi ya saa nzima ya usiku ule mashine ilikuwa inakamua maji hewani, kazi ambayo Willis Carrier aliibunia mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 huko Brooklyn, katika kiwanda cha uchapaji ambacho karatasi zake zilikuwa zinavimba kwa unyevu. Sisi tulidekia sebule.