Flashi Haiwi Hai Kwa Sababu Tu Imelala Kabatini

Wiki hii wamekuja kwangu wateja watatu na flashi zilizogoma, wote na kauli ileile: haiwezi kuwa imekufa, haijatumika. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye flashi ya picha za harusi ya binti yake, imefungwa kwenye leso, imelala kabatini miaka sita. "Mwanangu, sijaigusa hata siku moja." Sasa mama, si ndiyo hapo penyewe?

Watu wameshika kwamba kisichozunguka kama hadidiski hakifi. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, sina ugomvi nayo: hukumbushwa yote kila milisekunde 64, ukizima umeme imesahau, na haijawahi kujifanya vinginevyo. Flashi ndiyo inayotudanganya. Haihitaji umeme ili ikumbuke, basi tukadhani haisahau. Ndani yake kuna elektroni zilizonaswa kwenye seli, yaani vijumba vidogo vya kuhifadhia data, nazo huvuja. Polepole, lakini huvuja, na joto huziharakisha. Kabati la bati Dar mwezi wa pili mnalijua.

Kinachoniudhi zaidi ni yule anayesema za kisasa zitakuwa imara kuliko za zamani. Fikiria tanki la maji juu ya paa. Ukitaka kujua lina maji au halina, hata likivuja kidogo jibu halibadiliki. Ndivyo zilivyokuwa flashi za biti moja, yaani 0 au 1, kwa seli. Biti tatu zinataka kutofautisha viwango 8, biti nne viwango 16, kwenye tanki lilelile. Tone moja likipotea, kiwango cha kumi na mbili kimekuwa cha kumi na moja. Viwanda vilipoishiwa kiwanja vikapandisha ghorofa, kama Kariakoo: Samsung ilianza na safu 24 mwaka 2013, leo zimevuka 200. Ghorofa zilileta nafuu, kwa kuwa seli zilipata kunenepa tena. Nafuu hiyo wakaitumia kusukumia biti nyingine ndani. Bei ya gigabaiti ndiyo inayoamua, uvumilivu wa seli baadaye.

Kulikuwa na njia nyingine. Intel na Micron walitangaza 3D XPoint mwaka 2015, kumbukumbu isiyonasa elektroni, yenye kasi kati ya RAM na flashi. Mimi mwenyewe niliwaambia wateja wasubiri. Julai 2022 Intel wakatangaza kuifunga. Ilikuwa ghali, wanunuzi wachache. Tangu hapo sitabiri kitu.

Halafu kuna kijana aliyesoma kiwango cha JEDEC, chama kinachoweka viwango vya chipu, akaja mbio: SSD, ile diski ya kompyuta ya chipu za flashi, isipowashwa mwaka mmoja inafutika! Hapana, kaka. Kiwango kinasema SSD ya kawaida *iliyokwisha kuandikwa hadi kikomo chake* ishike data mwaka mmoja bila umeme, kwenye nyuzi 30. Mpya hushika zaidi sana. Ila hicho ni kiwango cha SSD. Flashi ya elfu nane ya barabarani, mara nyingi chipu yake ni ile iliyokataliwa kwingine.

Na kuichomeka tu mara moja kwa mwaka "ipate chaji" hakusaidii. Si betri. SSD nzuri huweza kujiandika upya zenyewe zikiwa na umeme. Flashi nyingi rahisi hazifanyi hivyo. Nakili vyote nje, uandike upya.

Ya yule mama kompyuta haikuiona kabisa. Nilimwambia ni kontrola, chipu inayoiongoza flashi, kwa sauti ya daktari bingwa. Ukweli, programu ya kontrola nayo mara nyingi hukaa kwenye seli zilezile, ikivuja dalili ni hiyohiyo, na vifaa vyangu havinitenganishii. Labda ni joto. Labda ni risasi ya kulehemu iliyowekwa vibaya kiwandani.

Tulimtafuta mpiga picha wa harusi, tukampata Mbagala. Picha zote anazo, kwenye hadidiski ya zamani inayozunguka na kulia kama mashine ya kusaga. Nimemwomba anakili leo leo.