Leseni ya kuvuta tela: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Asubuhi kwenye Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, kuanzia Tabata hadi Ubungo, huwakosi: Hiace ya mizigo inakokota jenereta, pikapu inavuta mashine ya zege, Canter ina kompresa nyuma. Wanaoziendesha ni mafundi wanaowahi saiti, na wengi ni hodari kwa kazi yao. Kinachonitia wasiwasi ni maneno wanayorithishana kuhusu leseni, kwa sababu baadhi yake yanaweza kumfilisi mtu kwa ajali moja tu.

"Leseni ni leseni, mradi najua kuendesha."

Hili limeenea kuliko yote. Kwenye leseni za Tanzania, daraja B ni la gari binafsi. Halihusu pikipiki, magari ya biashara, magari mazito wala ya abiria. Sasa ile van yenye jina la kampuni ubavuni, ndani imejaa mitungi ya gesi na vifaa vya kuchomelea, ni gari ya biashara hata kama ni ndogo na inaegeshwa nyumbani kwako kila jioni. Inataka daraja D. Ukiingia kwenye magari mazito, unahitaji E. Familia ya C, yaani C, C1, C2 na C3, ni ya kubeba abiria, kwa hiyo mtu asikuambie eti ana C basi anaruhusiwa kila kitu.

Na bosi asijitoe. Sheria ya Usalama Barabarani inamgusa pia anayemwajiri au kumruhusu mtu kuendesha gari ambayo leseni yake haimruhusu. Nimewaona vijana wakikabidhiwa funguo za gari pamoja na tela la kuvuta bila hata kuulizwa leseni iko wapi, na hilo linaniuma, maana likitokea la kutokea kijana ndiye anayelala kituoni.

Kuongeza daraja kuna njia yake: unasoma kwenye chuo kinachotambulika, kama VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, unapimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha Mamlaka ya Mapato (TRA) inakutolea leseni.

"Mtihani wa tela ulishafutwa, nimeona mtandaoni."

Ulifutwa Uingereza. Tangu Desemba 16, 2021, mwenye leseni ya gari ndogo kule anaweza kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Trafiki wa Buguruni hafanyi kazi kwa sheria za kule.

"Tela halina injini, halihitaji namba wala bima."

Tela husajiliwa na kupewa namba yake. Ile namba ya gari iliyoandikwa kwa rangi nyuma ya tela haitoshi. Bima nayo usiikisie: mwulize wakala kama tela limetajwa kwenye mkataba wako, akuonyeshe ilipoandikwa.

"Nina bima kubwa, nitalipwa tu."

Soma kipengele cha dereva. Kwa kawaida mkataba unataka anayeendesha awe na leseni halali ya aina ile ya gari. Mwenye B akigonga na van ya kazi, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kukutengenezea gari. Hapo ndipo biashara ya miaka inapoishia.

"Gari ikivuta, basi inaweza."

Kuvuta ni rahisi, kusimama ndiyo kazi. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani nzima, bila kuhesabu tangi lenyewe wala tela. Mifuko 20 ya saruji, hivyo hivyo. Tafuta kwenye kibati na kitabu cha gari uzito inaoruhusiwa kuvuta. Kwa ushauri wangu, gari na tela kwa pamoja vikikaribia tani 3.5, mkabidhi dereva mwenye E.

Kabla ya kuondoka, inama pale gari na tela vinapokutana. Kufuli ya ndoano imejifunga na pini yake imo? Minyororo ya usalama ipite chini ya mkono wa tela ikiwa imepishana kama X, ili ndoano ikichomoka mkono udakwe, usichimbe lami. Iwe na ulegevu wa kukata kona, lakini isiburuzike chini. Kisha mwenzako asimame nyuma huku wewe unakanyaga breki na kuwasha indiketa, moja moja.

Mzigo mzito uwe mbele kidogo ya ekseli. Ukilundikwa nyuma, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia. Likiyumba, usikanyage breki kwa nguvu: achia mafuta, shika usukani sawasawa, acha mwendo upungue wenyewe.

"Barabara ikiwa nyeupe, unakwenda tu."

Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, tela au bila tela. Gari ya biashara yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500 haivuki 80, hata ukishaipita Kibaha.