Kusimama si kupona

Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, mzee mmoja aliinuka kwenye kiti chake cha magurudumu cha betri, akashika meza ya muuza matunda, akapiga hatua tatu, akarudi kuketi huku jasho likimtoka. Kijana nyuma yangu akasema, "Kumbe anatembea! Anatuigizia tu."

Dhana hii ni ya siku nyingi, na si kweli. Watumiaji wengi wa viti hivi husimama, hata hutembea kidogo. Kiharusi, polio, baridi yabisi au moyo dhaifu humwachia mtu hatua chache, si safari ya kutoka Msimbazi hadi Mnazi Mmoja.

Wengine hulalamika kwamba watumiaji wa viti hivi wanaziba barabara kwa ukaidi. Tazama chini: ukingo wa njia ya miguu umepanda juu, bodaboda zimeegeshwa, bidhaa zimetandazwa. Apite wapi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia mazingira yanayofikika, lakini pale hayapo. Na aliyeketi hivyo ni mfupi kuliko dirisha la daladala. Dereva anayerudi nyuma hamwoni. Konda, shuka uangalie kwanza. Honi haimsogezi, haina pa kumpeleka.