Mita 30 huhesabiwa kutoka wapi? Dhana potofu kuhusu vibali vya kujenga ufukweni na mabondeni Zanzibar

Anayetaka kujenga Paje, Matemwe au kando ya hori (mkono wa bahari) la Chake Chake huanza kwa kuuliza bei ya kiwanja. Angeanza na maji: bahari ikijaa kabisa hufika wapi, na mvua ya masika hutuama wapi. Vibali vingi vinavyokataliwa pwani na mabondeni hukwama hapo, na kwa kawaida pesa ya kiwanja imeshatoka.

"Nimenunua, sheha amesaini, ardhi ni yangu."

Zanzibar ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya dhamana ya Rais, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya 1992 ndiyo inayoeleza nani anaweza kupewa haki ya kuitumia au kukodishwa. Minazi inaweza kuwa ya mtu huku ardhi iliyoibeba si yake. Saini ya sheha ina kazi yake: inaonyesha kwamba mauziano yanajulikana na majirani wanaitambua mipaka. Lakini haigeuzi shamba kuwa kiwanja, wala si kibali cha ujenzi. Anayeuziwa kipande cha eka tatu awe macho zaidi, kwa sababu eka hizo ziligawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa ajili ya kilimo. Kabla ya kulipa, nenda Kamisheni ya Ardhi na vipimo vya eneo, uulize mambo mawili: haki ya ardhi hiyo ni ya nani, na eneo limepangiwa matumizi gani.

"Sheria ni mita 60."

Hizo ni za Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Mazingira si jambo la Muungano. Huku inatumika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar Na. 3 ya 2015, na ofisi yake ni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, si NEMC, baraza la mazingira la Bara. Kipimo kinachotumika Zanzibar ni mita 30 kutoka mstari wa maji makuu, yaani pale bahari inapofika ikijaa kabisa.

"Mita 30 ni kutoka pale maji yalipo."

Hili ndilo kosa linalogharimu watu zaidi kuliko yote. Bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana. Mtu akileta kamba yake siku ya maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo tu, hata maji yakiwa yamejaa, anaanzia mahali pasipo. Ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10, bahari ikipanda mita 1 zaidi, mstari unasogea mita 10 kuelekea nchi kavu. Theluthi nzima ya ile nafasi imeliwa, na msingi umeshachimbwa.

Mstari unaohesabiwa ni wa bamvua kubwa, na kubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba. Tafuta utepe wa mwani mkavu na majani ya baharini ulio juu kabisa, mahali majani ya nchi kavu yanapoanza kuota, au alama ya maji kwenye jabali. Waulize wavuvi wa diko (mahali vyombo vinaposhushia samaki) la jirani maji ya bamvua hufika mti gani. Kisha mwite mpima mwenye leseni auweke mstari huo kwenye ramani pamoja na bikoni, yaani vigingi vya mipaka. Kamba ivutwe mlalo, isifuate mteremko wa mchanga, maana ikilala juu ya mteremko inakupunguzia nafasi.

Ufuo wenyewe pia hautulii. Upande wa Nungwi na Kendwa mchanga huhama kati ya kusi na kaskazi, hivyo ufuo mpana ulioonyeshwa msimu mmoja unaweza kuwa mwembamba msimu mwingine. Na bwawa la kuogelea, baa ya zege na ukuta wa uzio vyote ni ujenzi, hata kama nyumba yenyewe imekaa nyuma.

"Bahari ikila, nitajenga ukuta."

Ukuta wima hulirudisha wimbi kwa nguvu, mchanga wa mguuni mwake unachotwa, na maji yanayozunguka ncha zake yanamla jirani. Ndiyo maana ukuta wa bahari unahitaji tathmini yake ya mazingira. Kuuchora kwenye ramani ya nyumba tu hakutoshi.

"Bonde likifukiwa kifusi linakuwa kiwanja."

Darajani imechukua jina lake kwenye daraja lililovuka hori, lililofukiwa hatua kwa hatua. Hiyo ilikuwa kazi ya Serikali. Mtu mmoja akifukia kiwanja chake Sebleni au pembeni mwa bwawa la Mwanakwerekwe, maji hayapungui, yanahamia kwa jirani. Kifusi kisichoshindiliwa kwa tabaka hutitia upande mmoja, na nyufa huanza pembeni mwa madirisha.

Karo, yaani shimo la maji machafu, ndiyo inayotaabisha zaidi. Chimba shimo la majaribio mwezi wa Aprili au Mei, liache siku nzima, upime maji yalipofika. Kitako cha karo kibaki angalau mita 1.5 juu ya hapo. Kisipobaki, maji ya ardhini yanaingia karo na uchafu unaingia visimani. Upande wa mashariki wa Unguja hatari ni kubwa hata bila bonde, kwani jiwe la matumbawe lina vitundu na mianya inayopitisha maji upesi.

Mikandaa, miti inayoota kwenye maji ya bahari, ni suala jingine kabisa. Kukata mkoko au mchu kunahitaji ruhusa ya misitu, chini ya Sheria Na. 10 ya 1996, hata kama miti iko mbele ya kiwanja chako.

"Nina cheti cha ZIPA, nianze."

Cheti cha ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, kinakutambua kuwa mwekezaji. ZEMA huangalia athari, na kwa mradi mkubwa wa ufukweni kuna hadidu za rejea, ripoti ya mtaalamu, na mazungumzo na wanakijiji, wakiwemo wakulima wa mwani na wavuvi ambao njia yao ya diko haiwezi kuzibwa. DCU, kitengo cha udhibiti wa ujenzi, huangalia ramani ya jengo. Ndani ya Mji Mkongwe, Mamlaka ya Mji Mkongwe nayo ina kauli yake. Haki ya ardhi itangulie, kisha mazingira, kisha ramani ya jengo. Ukianza na michoro ya mwisho, ZEMA ikisema sogea mita 8 utalipia michoro upya.

Ramani iliyopigwa muhuri ikae pale kazini, na fundi aonyeshwe bikoni kabla ya kupiga mstari wa chokaa.